Jicho Moja Huachwa Zima

4 Februari

Mwanangu Kiherehere,

Salamu kutoka kwangu shangazi yako, na kutoka kwa kila kichwa ninachokisuka hapa. Hatujambo wote, isipokuwa baba yako. Goti limevimba tena, na kaka yangu huyo ukimtajia mkongojo anakwambia mkongojo ni wa wazee. Kwani yeye ni kijana wa lini? Juzi aliteremka ngazi za ofisi ya maji kwa makalio, ngazi moja moja, nami nikacheka mpaka nikasahau kumpa mkono. Amenuna, lakini anakusalimu.

Najua utasema kwa nini nisipige simu. Simu mimi siiwezi, napiga kelele saluni nzima inasikia, na huko kwenu wanawanyang'anya simu langoni. Barua nitaisoma, nitaiweka chini ya trei ya rola, nitaisoma tena.

Sasa kilichonishikisha kalamu. Yule mwalimu wa hesabu, mteja wangu wa miaka mingi, alikuja na shampoo yake mwenyewe. Nikamwambia, ebo, unanidharau mchana kweupe? Akanionyesha picha ya sungura nyuma ya chupa, na maandishi kwamba haikujaribiwa kwa wanyama. Nikamwuliza, kwani hizi nyingine zinajaribiwaje, wanamwosha mbuzi halafu wanamtia rola? Saluni nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akasema, "Si una mtoto wa kaka yako anafanya kazi huko wanakopima? Mwulize."

Basi nakuuliza. Mimi hapa ukutani nimeandika kwa rangi nyekundu kwamba shampoo zetu zimepimwa, na kila anayeingia namwambia kazipima mtoto wetu. Nataka niwe na la kumjibu mwalimu. Kuuliza si ujinga.

Shangazi yako

26 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Wamenihamishia chumba chenye dirisha, linatazama ukuta, lakini dirisha ni dirisha. Mwambie baba mkongojo si wa wazee, ni wa wenye akili. Pole yake, na pole yako wewe unayekaa naye.

Swali lako limenitesa. Nilianza kukujibu nikaishia kuandika habari za mvua, nikaichana.

Nilipoajiriwa nilikwambia naosha chupa za maabara. Chupa naosha kweli, asubuhi. Baada ya hapo nashika sungura.

Ni sungura weupe. Anawekwa ndani ya sanduku, kichwa kikabaki nje, shingo ikabanwa kwa ubao ili asiweze kujikuna. Mimi nalivuta kope la chini mpaka linakuwa kama kikombe kidogo, mpimaji anadondosha kitone kimoja, halafu nalifumba jicho kwa vidole. Ni jicho la kulia tu. Jicho moja huachwa zima, ili tuwe na la kulinganishia. Kisha tunarudi kutazama. Limekuwa jekundu? Limevimba? Limeingia ukungu? Yanaandikwa. Sungura halii, Shangazi. Hilo ndilo linalonimaliza. Angelia ningejua la kufanya. Yeye anapumua haraka haraka tu, pua inachezacheza. Kuna mmoja alinilamba mkono, mkono ule ule.

Wakimaliza naye harudi kizimbani. Usiniulize anakwenda wapi.

Najiona mtu mbaya. Kazi hii haina faida hata chembe, dunia ina shampoo za kutosha. Nikirudi chumbani naosha mikono mpaka inachubuka, halafu najicheka, maana naiosha kwa sabuni iliyopita mikononi mwangu. Tafadhali usinichukie. Na usimwambie baba, yeye anajua naosha chupa.

Mtoto wa kaka yako

20 Machi

Mwanangu Kiherehere,

Marahaba. Baba yako goti limepoa kidogo, sasa ana kiburi maradufu. Fundi cherehani wa mlango wa pili anakusalimu, anasema gauni lako liko tayari tangu mwaka jana, yeye ndiye aliyesahau kusema.

Barua yako niliifungua nikiwa nimemaliza nusu ya kichwa cha mtu. Ile nusu nyingine niliisuka ovyo, ikabidi nifumue. Loo, mwanangu! Kwanza nilikukasirikia wewe. Nikasema, mtoto huyu tulimlea akimlilia kuku anayechinjwa, leo amekuwa hivi? Halafu nikainua macho nikatazama rafu yangu. Zimejipanga pale, za nazi, za asali, za watoto. Hasira ikanihama. Wewe unamshika sungura, haya, na nani aliyekutuma? Ni mimi. Kila chupa niliyonunua ilikuwa ni kukwambia, mshike vizuri asiponyoke. Miaka yote hii naosha watu vichwa huku nikiimba, sijauliza hata mara moja.

Maandishi ya ukutani nimeyapaka chokaa. Chupa zote nimezifungia kabatini. Ile yenye picha ya sungura ilikuja dukani mara moja, haijaonekana tena. Wateja wananicheka. Mmoja kaniambia, "Nywele zangu na macho ya sungura, wapi na wapi?" Mwingine kahamia saluni ya barabara ya soko. Na aende. Ninaosha kwa sabuni ya mche, nywele zinakuwa kama ufagio, lakini usiku nalala.

Jambo moja tu nataka. Zile shampoo zilizowaunguza sungura nitajie. Wamekwisha kuumia, hatuwezi kuwarudishia macho. Angalau sisi tujue waliumia kwa kitu gani.

Shangazi yako

11 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia goti limepoa. Hapa mvua haikatiki, kila mtu ana mafua. Mwambie fundi nitalivaa gauni nikija, kama bado nitaingia ndani yake.

Nashukuru hukunichukia. Nilisoma barua yako nimekaa kwenye ngazi za nyuma, mpimaji akaniuliza nalilia nini, nikamwambia dawa ya kudekia.

Majina siwezi kukutajia. Siku ya kwanza kazini walinipa karatasi ndefu nikatia sahihi kwamba ninayoyaona ndani hayatoki nje. Aliyetutangulia alimsimulia mchumba wake, akafukuzwa, tena wakamshitaki. Hata haya niliyokuandikia yanatosha kunipeleka pabaya. Kwa hiyo usiniulize tena, tafadhali. Osha kwa sabuni ya mche, ukimaliza suuza kwa maji yenye ndimu kidogo, nywele zitalainika. Hilo naweza kukusaidia.

Wasalimu wote.

Mtoto wa kaka yako

5 Mei

Mwanangu Kiherehere,

Marahaba. Baba yako amenunua mkongojo! Kaununua mwenyewe, hakuambiwa na mtu, na sasa anawanyooshea watu kama trafiki. Ndimu imesaidia, ahsante. Ila wateja hawapendi. Mwanamke akija saluni anataka povu, mwanangu. Bila povu anaona hajaoshwa. Nimebakiwa na viti vitupu na mwalimu wangu wa hesabu.

Lakini sikiliza. Amepita mchuuzi na shampoo kwenye madumu, haina karatasi ya jina, kifuniko cha buluu. Anaapa haikugusa mnyama, anasema haijagusa hata mende. Ni ya kijani inayokwenda manjano. Ukiifungua inanukia ndizi mbivu, halafu chini ya ndizi kuna harufu nyingine, kama beseni la plastiki lililosahauliwa juani. Imelala kama maji, ukiitikisa inakuwa nzito kama uji. Povu lake usiseme! Nimechukua dumu moja. Saluni ya barabara ya soko wamechukua matano.

Sijaitia kichwani mwa mtu. Siwezi kukimbia dhambi ya sungura nikaenda kumfanya mtoto wa mwalimu ndiye sungura. Kwa hiyo, kama unaijua, nijulishe. Sikuombi jina la mtu wala la kiwanda. Niandikie tu "usitumie", neno moja, nami nitaelewa. Nakusubiri mpaka mwisho wa mwezi ujao. Ukiwa huijui nina njia yangu ya kuipima, ukiisikia utacheka.

Shangazi yako

12 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi. Habari ya mkongojo wa baba imenichekesha sana. Huku kuna baridi kidogo asubuhi. Mwenzangu wa chumba ameolewa, kaondoka na pazia langu, sasa nimetundika shuka. Nimeanza kujifunza kufuma, nimefuma kitu ambacho hakijajulikana kama ni kofia au soksi. Je, mwalimu wa hesabu hajambo? Na fundi?

Kuhusu ile shampoo, sina la kusema. Vitu vya madumu huwa vya kila namna. Labda ungerudi tu kwenye zile za zamani ulizozifungia kabatini, angalau zile unazijua.

Nitaandika vizuri nikipata nafasi.

Mtoto wa kaka yako

3 Julai

Mwanangu,

Usishtuke kuona mwandiko si wangu. Naandikiwa na fundi cherehani. Vumbi limeniingia jichoni kidogo, daktari kasema nisisome wala nisiandike. Baba yako hajambo. Saluni nimefunga kwa siku chache, napumzika. Barua yako ya mwezi uliopita niliipata. Hiyo soksi ifume vizuri.

(Haya sasa ni yangu mimi fundi, yeye hayajui, ameegemea mto amefumba jicho. Vumbi gani? Usidanganywe. Alikaa mbele ya kioo kikubwa cha saluni, akavuta kope la chini kwa kidole, akadondosha ile shampoo ya dumu jicho la kulia. Kwa makusudi! Nilisikia yowe nikadhani kuna mwizi, nikatoka na mkasi mkononi. Nikamkuta anagonga ukuta, huku anasema la kushoto nimeliacha zima, la kushoto nimeliacha zima. Nilimwosha kwa ndoo mbili za maji. Daktari anasema kioo cha jicho kimeungua, kimekuwa cheupe kama ganda la yai. Mtu mzima na akili zake! Nilimwuliza nani kamfundisha ujinga huu, kakataa kumtaja.)

Fundi ameandika mengi kuliko niliyosema, sijui anaandika nini. Haya, kama amekwambia, amekwambia. Usilie. Nilisubiri mpaka mwezi ukaisha, nikaona huijui, nikasema basi nitaipima kwa haki. Sungura hakuombwa ruhusa, mimi nimejiomba mwenyewe nikajikubalia. Na imefaa, maana hakuna mteja wangu hata mmoja aliyeguswa. Bila wewe ningeimwaga kichwani mwa mtoto wa mwalimu huku naimba. Namwambia kila anayekuja kuniona kwamba mtoto wa kaka yangu ndiye aliyenifundisha kuwa mwangalifu. Nakushukuru, mwanangu.

Shangazi yako

15 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Leo sina habari nyingine.

Usinishukuru. Nakuomba umwambie fundi akusomee barua hii yote, asiruke kitu, hata akiona aibu kwa niaba yangu.

Ile shampoo naijua. Nilipofika kwenye ndizi na beseni la plastiki nilikuwa nimesimama langoni, mlinzi ananirudishia kitambulisho changu, nikashindwa kunyoosha mkono. Tuliipima mwaka jana. Sisi tulikuwa tunaiita ya ndizi. Sungura wote waliotiwa, mimi nikiwashika, jicho la kulia liliingia ukungu na halikurudi. Hata mpimaji, ambaye ana moyo wa jiwe, alisema hii wakaimwage. Mwenye kiwanda akapewa majibu akaondoka. Inaonekana hakuimwaga. Aliitoa karatasi ya jina, akaitafutia wachuuzi.

Nilijua, Shangazi. Uliniomba neno moja tu, nikakaa nalo mwezi mzima. Niliandika "usitumie" mara tatu, na mara tatu nikaichana. Nilikuwa najiambia ni kwa sababu ya ile sahihi, watafungua barua, watanifukuza, watanishitaki. Niliogopa, hilo ni kweli, lakini si lote. Nilikwambia kazi hii haina faida hata chembe, nawe ukanionea huruma. Nilipenda kuonewa huruma. Kukujibu kungekuwa kukiri kwamba kulikuwa na faida moja, ndogo, ambayo ilikuwa mikononi mwangu: kujua kinachounguza na kumwambia mtu. Sungura wale walishaumia. Kilichobaki kwao ni mimi kufungua mdomo, na sikufungua. Nimewafanya waumie bure, na wewe nimekufanya mmoja wao.

Tena nikakuandikia habari za pazia! Nikakuandikia habari za soksi! Naona aibu mpaka mwili unawasha. Nikiwashika sungura sasa navuta kope naona la kwako. Jana nilimwangusha mmoja, akakimbilia chini ya meza, nami nikakaa sakafuni nikashindwa kumfuata.

Nimwambie nani? Niende wapi? Nikisema, kazi imekwisha, na ile karatasi itanifuata mpaka nyumbani. Sijui kama naruhusiwa hata kukuomba msamaha. Niambie la kufanya nitalifanya.

Mtoto wa kaka yako

9 Agosti

Mwanangu,

Haya naandika mwenyewe. Mistari inapanda juu na kushuka chini, uvumilie. Nimekataa fundi aniandikie kwa sababu kila nikisema neno anatikisa kichwa.

Baba yako hajambo. Nimemwambia yote, na ya chupa pia. Alichukua mkongojo wake akaenda kukaa nje.

Daktari amemaliza kazi yake. Jicho la kulia halitaona. Nimejaribu kusuka mabutu, yale mafungu manene, nayo nayaweza. Zile nyembamba siwezi, nashindwa kujua uzi uko mbele au nyuma ya kidole, na nikishonea nywele za bandia nachoma sindano hewani. Mwalimu wa hesabu alikaa kitini kwangu mchana kutwa, nikamaliza mistari minne, yote imepinda, akanishukuru akaondoka nayo hivyo hivyo kichwani.

Nimekukasirikia. Sitakuficha, maana mimi si mtu wa kuficha. Jicho nililichoma kwa mkono wangu, hilo sikudai wewe, ujinga ni wangu. Kinachoniuma ni kwamba nilikusubiri. Kila mtu wa posta akipita nilikuwa natoka na povu mikononi. Ilipofika ile ya pazia niliisoma mara mbili nikitafuta kama umeficha neno mahali, nikasema hapana, mtoto wangu angejua angeniambia. Nikaenda kwenye kioo nikiwa na uhakika huo. Halafu nikakaa humu na kitambaa usoni nikikusifu kwa watu.

Sasa sikia. Mchuuzi bado anapita. Mimi na fundi tumezunguka saluni zote, mlango kwa mlango, nimewaonyesha jicho. Wanasema ni wivu wa biashara, nimekosa wateja natafuta mchawi. Wengine wanasema niliitia kwa kichaa changu, wao wanatia kichwani, haifiki machoni. Barabara ya soko wamemaliza madumu mawili. Jumamosi kuna mtoto wa miaka mitano pale alifumbua macho wakati wa kusuuza. Mama yake kampeleka kwa daktari yule yule wangu. Jicho lake bado halijulikani.

Mimi hawaniamini kwa sababu sikuiona ikipimwa. Wewe uliona, na sungura uliwashika. Uje uingie saluni moja moja useme ulichokiona, mimi nimesimama pembeni yako, halafu twende ofisi ya viwango ukarudie mbele ya wakubwa. Kazi utaipoteza, najua. Wakikushitaki kwa ile karatasi, wakushitaki. Chumba chako kipo, na kitanda kipo. Uliniuliza ufanye nini, basi ni hilo.

Msamaha sijui kama ninao. Nimeutafuta leo asubuhi sikuuona, labda ukifika. Lakini kwa mtoto yule hatuwezi kungoja mpaka mimi na wewe tupatane.

Usijibu barua hii. Umenijibu vya kutosha. Panda gari uje.

Shangazi yako